Mnara Upande wa Kulia

Gosport,
Jumapili, tarehe 12 Mei 1974

Baba yangu mpendwa,

Mjukuu wako Lorna ameshusha ndege kwenye siagi sasa hivi. Hakuiangusha. Ameileta taratibu kwa vidole viwili, akinguruma kwa mdomo, magurudumu yakagusa, ikateleza mpaka ukingoni mwa kisahani ikasimama. Kisha akaniangalia aone kama nitamkaripia. Nami nimekaa na kalamu nusu saa nzima sijui barua hii nianzie wapi, basi nikaona nianzie hapo. Ndege yenyewe haizidi ukucha wa kidole gumba. Nimeifuta kwa kitambaa, lakini bado inanukia kifungua kinywa.

Baada ya hayo nakusalimu kwa heshima na mapenzi yangu yote. Naomba barua hii ikukute kwenye kiti chako cha dirishani, kikohozi kimekuachia, na Shangazi Hilda ameshaweka chai pembeni kabla ya kukusomea. Shangazi, salamu zako nawe zipokee, pamoja na ombi: usiruke mstari. Kuna mahali utakutana na jina lako, na kuna mahali mimi nitakuwa naaibika. Soma yote kwa sauti ile ile. Sisi huku hatujambo. Lorna ana miaka mitatu na nusu, anasema kila kitu na anakataa karoti. Clive bado yuko baharini, jikoni mwa ile meli ya mafuta, anawakaangia watu mayai huko Ghuba, na akijaliwa atakuwa nyumbani mwezi ujao.

Barua ya Shangazi ilifika Jumanne. Anasema ile nyumba ya kutunzia mabaharia wazee imepata nafasi, chumba kiko ghorofa ya pili, na Ijumaa hii bwana mmoja atakuja na karatasi, akuongoze mkono utie sahihi. Anasema pia kwamba jibu langu ulishalipata na huna kinyongo. Baba, nakuomba jambo moja tu. Usitie sahihi mpaka Shangazi afike mwisho wa barua hii. Ni ndefu, najua, na barua zangu zote ulizozizoea ni nusu ukurasa. Lakini nisikilize.

Kwanza nikushukuru kwa meli, maana sijakushukuru ipasavyo. Ile barua ya Krismasi ilisema asante kwa zawadi bila kusema zawadi gani, na sababu yake utaisikia. Sanduku lilifika Oktoba, mvua inanyesha, tarishi amelifunika kwa koti lake mwenyewe. Clive alikuwa ameondoka wiki tatu nyuma. Nikakata kamba, nikaona picha ya juu: manowari ya kubeba ndege inakata mawimbi, moshi unatoka, ndege mbili angani. Na lile jina. Jina lile nililijua kabla sijajua jina la mtaa wetu, herufi kumi za buluu zilizochorwa mkononi mwako, ambazo nilikuwa nikizifuata kwa kidole ukinipakata, kutoka kwenye kiwiko mpaka mahali pa saa. *Victorious*. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndilo jina lako, kwamba wenzio waliliandika usije ukapotea. Nilitoa machozi pale mezani, Lorna akalipiga sanduku kofi kwa kuniliza.

Ndani palikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu, vingine vidogo kama punje za mchele, vimeshikamana kwenye fremu zake. Palikuwa na karatasi ya maelekezo. Na palikuwa na barua yako, imekunjwa mara nne, maandishi yako mwenyewe, makubwa, yanapanda na kushuka. Niliiweka nyuma ya saa iliyo juu ya meko. Nitaifikia.

Nilijenga juu ya meza ya jikoni, asubuhi, Lorna akila. Majira ya baridi umeme ulipokuwa unakatwa nilisogeza meza dirishani nikajengea mwanga wa nje, vidole vimekufa ganzi. Sikuona taabu. Nilikumbuka ulivyokuwa ukija likizo, unatandaza magazeti mezani, unanipa kipande nikishike mpaka gundi ikamate, unaniambia nihesabu hadi mia. Nilikuwa nahesabu mia mbili. Ulidhani sijui kuhesabu, Baba. Nilijua sana. Nilitaka tu likizo iwe ndefu.

Nilifuata picha na namba. Kipande cha saba kinaingia kwenye cha nane, cha tisa kinalala juu. Mwili wa meli ulifungana vizuri, sitaha ikakaa bila kuinuka pembeni. Boti moja ya kuokolea watu ilimezwa na mashine ya kufagilia zulia, na Lorna amekataa kabisa kupita karibu na mashine ile mpaka leo.

Hapa niliacha jana, mkono ulichoka. Leo ni Jumatatu.

Sasa unamjua Bi Pragnell, mjane wa mlango wa pili, yule aliyekupa samaki wa kukaushwa ulipokuja kwenye arusi yetu ukasema wana miiba mingi kuliko nyama, naye akakujibu kwamba na wewe pia. Wakati wa vita alikuwa jeshini huku huku kwetu, chini ya ardhi kwenye kilima kimoja, akisukuma vimeli vya mbao juu ya ramani kwa fimbo ndefu. Mwezi wa pili alikuja kuniletea mishumaa. Akaiona meli mezani. Nilikuwa nimemaliza sehemu kubwa, nimeshabandika hata mnara, ule wenye daraja la nahodha na bomba la moshi, unaosimama pembeni mwa sitaha ili ndege zipate njia. Bi Pragnell akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Coral, mwenzangu," akasema, "hii meli umewajengea Wajapani?"

Nikacheka, sikuelewa. Akanieleza kwamba katika vita vyote alivyovisukuma yeye kwa fimbo, meli zenye mnara upande wa kushoto zilikuwa mbili tu, na zote mbili za Wajapani. Za kwetu zote mnara uko kulia. "Baba yako akiishika hii," akasema, "atadhani miaka yote alipigania upande mwingine." Nikasema nilipitiwa. Akauliza karatasi ilisemaje. Nikasema sikuitazama vizuri. Akaichukua, akanipa, akaniambia hebu nisomee. Nikasema ngoja niangalie birika, maji yanachemka. Akageuka akaliangalia birika, ambalo hata motoni halikuwepo.

Kisha akakivuta kiti akakaa, akauliza polepole, bila kunitazama usoni:

"Ni neno gani ulilolijua?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

Baba, mnara kwenye karatasi ulichorwa peke yake, na mahali pa kuubandika palielezwa kwa maneno, mistari miwili. Picha ya sandukuni meli inakuja inakutazama, kulia kwake ni kushoto kwako, nikachanganyikiwa. Nikatafuta kwenye ile mistari neno ninalolitambua kwa umbo. Likawepo moja: *port*. Lipo kwenye basi la kwenda kivukoni, lipo kwenye kibao cha Gosport, lipo ng'ambo kwenye Portsmouth, maisha yangu yote ya ndoa nimepanda basi kwa kulitazama neno hilo. Nikafurahi kama niliyekutana na jirani ugenini. Nawe mwenyewe ulinifundisha nikiwa mtoto kwamba mabaharia hawasemi kushoto, wanasema port. Basi nikaubandika mnara kushoto. Kumbe lile port lilikuwa la mstari wa pili, linahusu winchi za boti. Mnara ulikuwa mstari wa kwanza, kwenye neno refu nisilolijua, lile la mabaharia la kulia.

Umeshaelewa. Shangazi naye ameelewa, na kama amesimama kusoma, namwomba aendelee.

Sikujua kusoma, Baba. Nilijua herufi na nilijua kunakili. Mama alipofariki nikawa nahama, mara kwa Shangazi, mara kwa mama mdogo, mara kwenye nyumba za wake za mabaharia, shule sita kwa miaka saba, na kila shule walikuwa wameshafika ukurasa ambao sikuwahi kuuona. Nilikaa nyuma. Nilinakili ubao kwa mwandiko mzuri kuliko wote, walimu wakanisifu, hakuna aliyeniuliza nimeandika nini. Nawe hukujua kwa sababu nilihakikisha hujui. Kadi zako za kutoka baharini zilikuwa na michoro, tembo, minara, wewe mwenyewe na masharubu, nikawa nakusimulia michoro nawe ukaridhika. Silaumu mtu. Nilikuwa mtoto mwenye baba anayemchorea tembo, wangapi walikuwa naye?

Clive nilimwambia kabla hatujaoana, nikangoja aniache. Alisema mbona yeye hajui kushona. Tangu hapo barua zako anasoma yeye, na majibu anaandika yeye, mimi nikisema. Mwandiko unaoujua wewe ni wake. Alipokuwa anaondoka Septemba alipata wasiwasi kwamba nitakwama, basi akaniandikia barua nne za mbele, akaziweka bahasha na stempu: moja ya Novemba, moja ya Krismasi, moja ya Februari, moja ya Pasaka. Alijitahidi kuweka mambo ambayo hayakosei. Lorna anakua. Mvua haziishi. Sote wazima, hakuna jipya. Mimi nikazitia posta moja moja kwa zamu yake.

Leo Jumanne, namalizia.

Siku ile Bi Pragnell hakucheka wala hakunionea huruma, maana huruma ningeikimbia. Alisema mnara ule utatoka, na maneno yataingia, na yote mawili yanataka subira na wembe mkali. Gundi ya plastiki haishiki tu, inayeyusha, vipande vinakuwa kitu kimoja. Tulikata asubuhi tatu, yeye anashika meli, mimi nakata, Lorna chini ya meza anatupigia ving'ora. Na kila asubuhi kabla ya wembe alinikalisha na ile karatasi ya maelekezo. Kata. Bandika. Paka. Maneno mafupi yanayorudiarudia, na kila moja nilikuwa nimeshalifanya kwa mikono yangu, kwa hiyo niliposoma nilikuwa kama nakumbuka. Neno la kwanza nililolisoma peke yangu, bila yeye kufungua mdomo, lilikuwa *subiri*. Subiri gundi ikauke. Nilipolisoma akakohoa, akaomba chai.

Karatasi ilipokwisha tukahamia kwenye magazeti ya kufungia samaki, kisha vitabu vya Lorna. Nikikimbilia mwisho wa mstari kwa kubahatisha ananigonga gotini kwa kijiko: "Polepole, binti. Meli haizami." Nikimshukuru anasema nimshukuru baba yangu aliyenunua meli yenye maneno.

Sasa nifikie barua ya nyuma ya saa, na hapa ndipo kosa langu lilipo. Kutojua kusoma hakukuwa kosa, hilo Bi Pragnell amenifundisha. Kosa ni hili: mwezi wa pili ule ule aliiona pale, akasema lete nikusomee. Nikakataa. Niliona aibu barua yako isomwe na mtu mwingine, na zaidi ya aibu nilikuwa na kiburi. Nilijiambia ile ndiyo itakuwa barua yangu ya kwanza kuisoma mwenyewe, siku nitakapoiva. Nilidhani ni mambo ya meli, namna ya kuipaka rangi. Nikawa naifuta vumbi, nairudisha.

Jumanne iliyopita ikaja ya Shangazi. Nikaisoma mwenyewe, kuanzia chai ya asubuhi mpaka Lorna alipodai chakula. Nilipofika kwenye nyumba ya wazee nikadhani nimekosea, nikarudia. Nilipofika "jibu lako alishalipata" nikajua sikukosea, maana sikuwahi kukupa jibu la kitu chochote. Nikainuka nikaiendea saa.

Baba, mwandiko wako ulikuwa mgumu kuliko wa Shangazi, lakini kila neno nimelishika. Shangazi, hapa ndipo alipokutaja: *Coral, naandika mwenyewe Hilda asijue. Macho yananiaga. Hilda amechoka na hasemi, na ngazi zake zinanishinda. Je, kwenu pana kona ya kitanda kimoja? Nimekutumia meli, mimi siwezi kuijenga tena. Ukiijenga nitakuja kuishika kwa vidole. Kama nafasi hakuna usihangaike kutafuta maneno. Usiitaje tu habari hii, nitaelewa, wala sitauliza tena.*

Usiitaje tu. Nami nikakuletea barua nne zisizoitaja. Mara nne nimekuambia hapana, na mdomo wangu umefungwa. Ulitumia macho yako ya mwisho kuniandikia, ukamwandikia mtu asiyeona herufi. Nilikaa chini mbele ya meko na Lorna akanipangusa kwa kitambaa cha siagi.

Basi jibu langu hili hapa, kwa mkono wangu mwenyewe, siku tatu naliandika, maneno mengine nimemuuliza Bi Pragnell yanaandikwaje lakini hakuna hata moja alilonitungia. Ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo tangu Oktoba, lilikuwa tu nyuma ya saa. Chumba cha mbele cha chini ni chako. Hakina ngazi hata moja. Clive tangu mwaka juzi amekuwa akisema tusikijaze vitu, wewe utakihitaji, ingawa baiskeli yake ndiyo ya kwanza kuingia. Nimeitoa. Kitanda kimetandikwa tangu Jumatano. Ukifungua dirisha unasikia honi za kivuko na ving'ora vya gatini, utajua saa bila kuuliza mtu.

Meli iko juu ya kabati fupi, mahali mkono wako utakapofika ukiwa umekaa. Mnara uko kulia. Lakini ukipitisha kidole kwenye sitaha upande wa kushoto, katikati, utakuta kovu. Nilipiga msasa, nikapaka rangi, Bi Pragnell anasema kwa macho halionekani, ila wewe huendi kwa macho. Ukiligusa usidhani ni kosa la kiwanda. Hapo ndipo binti yako alipoanza kusoma.

Nakushukuru, Baba. Kwa meli, kwa tembo wa kwenye kadi, kwa kuuliza. Kuuliza kwenyewe ni zawadi, na mimi niliiacha ikae na vumbi. Nisamehe. Huyo bwana wa Ijumaa mpe chai na mwambie umepata nyumba. Shangazi akusindikize kwenye treni, aje akae nasi wiki mbili apumzike, na kusoma apumzike pia, zamu sasa ni yangu. Nitakusomea gazeti zima, hata matokeo ya mpira.

Pokea salamu za Lorna, ambaye ameniambia nikuandikie kwamba ndege yenye siagi amekuwekea wewe. Pokea za Bi Pragnell, anasema samaki wa safari hii hawana miiba, na kama wanayo utaitafuta kwa vidole. Mimi ni yule yule aliyekuwa anahesabu mia mbili,

binti yako akupendaye,
Coral

Nyongeza. Bi Pragnell ananiita kutoka mlangoni na koti lake amevaa, gari la posta limeshaingia mtaani, anasema nikiongeza mstari mmoja barua italala hapa mpaka kesho. Basi, Baba, subiri, tupeni tu siku na saa ya treni, mimi na Lorna tutakuwa kituoni tumesimama upande wa kulia na